Mlango na Mizani: Nani Aliitwa Mwizi katika Mwanza ya Kikoloni?

Lugha yetu ina jina la dharau kwa mhalifu mdogo: mwizi wa kuku. Jina hilo linatumika vijijini na mijini, bungeni na vijiweni, na kila anayelisikia anamwona mtu yule yule kichwani: maskini, mwenye nguo chakavu, aliyeingia uani usiku. Hatuna jina la dharau lililozoeleka kiasi hicho kwa mtu anayepunguza kilo mbili katika kila mzigo wa mkulima mchana kweupe. Wa kwanza akikamatwa, mtaa mzima huamka na mara nyingine hafiki kituoni akiwa hai. Wa pili akikamatwa, huandikiwa faini na kesho yake hufungua duka.

Makala haya yanauliza tofauti hiyo ilitoka wapi. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa yake tuliirithi. Utawala wa kikoloni haukuleta wizi katika nchi hizi, kwani wizi ulikuwapo kabla yake. Ulichokileta ni orodha mpya ya nani aitwe mwizi, nani atakiwe kujieleza, na nani aaminiwe bila kuulizwa. Ili tusizungumze hewani, nitautumia ufukwe mmoja: Ghuba ya Mwanza, na hasa upande wake wa magharibi, kule Busisi.

Ufukwe na mazao yake

Wasafiri wengi wanaifahamu Busisi kama mahali pa kusubiri kivuko kutoka Kigongo. Tangu Juni 2025 hawasubiri tena, maana daraja lenye urefu wa takriban kilomita 3 limeunganisha kingo mbili za ghuba. Lakini kuvuka maji hayo ni jambo la zamani. Katika miaka ya ukoloni wa Waingereza, familia nyingi za Wasukuma zilihama kutoka Mwanza na Kwimba, ambako ardhi ilikuwa imechoka na mifugo imesongamana, zikaenda kutafuta mashamba mapya ng'ambo ya ghuba, Uzinza na Geita. Serikali yenyewe iliuhimiza uhamaji huo baada ya mwaka 1947 kupitia mpango wake wa maendeleo ya Usukuma. Wahamiaji walibeba majembe, ng'ombe na mbegu ya pamba. Upande wa pili wa maji, huko Ukiriguru, kilikuwapo kituo cha utafiti kilichozalisha aina za pamba zilizofaa udongo wa kanda hiyo. Reli kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikapata njia ya kwenda baharini.

Pamba ilibadilisha kilichomo ndani ya nyumba. Utajiri wa awali ulikuwa ng'ombe, na ng'ombe hafichiki: ana rangi, ana alama, na anajulikana kwa majirani. Fedha ya pamba ilileta mali ya namna nyingine: blanketi, shuka, sufuria, taa ya chemli, cherehani, baiskeli, na noti zilizokunjwa na kufichwa mahali fulani ndani ya nyumba. Mali hiyo inabebeka na mtu mmoja, inauzika mjini, na blanketi la huyu halitofautiani na la yule. Kwa maneno mengine, uchumi wa pamba ulitengeneza vitu vya kuibwa. Ulitengeneza pia mahali pengine pa kuibia, nami nitapafikia.

Nyumba kabla ya boma

Kaya ya Kisukuma haikulindwa na kufuli. Ilizungukwa na uzio wa manyara, ule mmea wenye utomvu unaochoma macho, na ndani yake kulikuwa na nyumba za msonge na zizi. Lakini ulinzi wake halisi ulikuwa sauti. Panapotokea hatari, mwenye kaya hupiga mwano, yaani yowe la kuita msaada, na kila mwanamume anayelisikia hupaswa kutoka na silaha yake na kufuata nyayo. Asiyetoka alijiweka mwenyewe katika mashaka.

Aliyekamatwa alipelekwa kwa wazee au kwa mtemi, na swali la kwanza lilikuwa ni nini kilichopotea na nani atakirudisha. Msingi wa hukumu ulikuwa fidia: mali irudi, pamoja na nyongeza ya kumtuliza aliyeumizwa, na ndugu wa mkosaji walihusika kuilipa. Sipambi enzi hizo. Mtu asiye na ndugu wa kumlipia alikuwa katika hali ngumu, na mwizi aliyezoea aliweza kufukuzwa au kuuawa. Mtemi naye alikuwa na njia zake za kuchukua mali za watu bila kuitwa mwizi. Hata hivyo utaratibu huo ulikuwa na sifa moja ambayo nataka msomaji aikumbuke: aliyeibiwa ndiye aliyekuwa katikati ya kesi.

Dola inapoingia ndani

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1897 waliweka kodi ya nyumba, na jina lake lilisema kweli: nyumba yenyewe ndiyo iliyohesabiwa. Aliyeshindwa kulipa fedha alilipa kwa jasho. Ndipo kwa mara ya kwanza nyumba ya mkulima ikawa kitu ambacho mtu wa mbali, asiyemjua mwenyewe, alikuwa na madai juu yake kila mwaka. Waingereza waliendeleza jambo hilo kwa sheria zao za kodi za mwaka 1922 na 1934.

Pamoja na kodi kilikuja kiboko. Agizo la mwaka 1896 kutoka Berlin liliweka ukomo wa viboko 25 kwa mara moja, na kuruhusu awamu mbili kwa kosa moja. Wanawake, Waarabu na Wahindi hawakupaswa kupigwa. Kiswahili kiliipa adhabu hiyo jina lake: hamsa ishirini. Jina hilo lilidumu midomoni mwa watu muda mrefu baada ya Wajerumani kuondoka. Wizi mdogo, utoro kazini na ukaidi kwa bwana viliwekwa katika kapu moja, na dawa ya vyote ilikuwa ngozi ya kiboko. Katika utaratibu huu aliyeibiwa hakupata kitu. Mwizi alipigwa mbele yake, kisha naye akarudi nyumbani bila blanketi.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walileta kitabu. Kuanzia mwaka 1920 mahakama za boma zilitumia Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotungwa chini ya Macaulay na kupitishwa mwaka 1860 kwa ajili ya Bara Hindi, ikaletwa Afrika Mashariki pamoja na mambo mengine mengi ya utawala wa huko. Ilitumika hadi mwaka 1930, Tanganyika ilipopata Kanuni yake ya Adhabu. Inafaa kuisoma kanuni hiyo ya India kwa utulivu, kwa sababu ndani yake tunaona dola ya kikoloni ilimwogopa nani.

Wizi wa kawaida ulikuwa na adhabu isiyozidi miaka 3. Wizi ndani ya nyumba ya kuishi, miaka 7. Wizi wa mtumishi kwa mali ya bwana wake, miaka 7 vilevile. Kuvunja nyumba usiku kwa nia ya kuiba kuliweza kumpeleka mtu gerezani kwa miaka 14. Na maana ya kuvunja ilikuwa pana mno. Hakukuwa na haja ya kubomoa mlango. Mfano mmoja uliomo ndani ya kanuni hiyo ni wa mtu aliyetoboa ukuta na kupitisha mkono tu, naye huyo alihesabiwa amevunja nyumba. Kwa nyumba ya udongo na fito, hilo ni kosa la dakika chache.

Katika kanuni hiyo hiyo kulikuwa na vifungu juu ya mizani. Mtu aliyetumia kwa hila chombo cha kupimia alichojua kuwa ni cha uongo aliweza kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au kutozwa faini tu, au vyote viwili. Weka namba hizo sambamba: miaka 14 kwa mkono uliopita ukutani usiku, mwaka 1 au faini kwa mkono uliokaa juu ya mizani mchana. Sheria haikuwa na haja ya kutaja rangi ya mtu. Katika Mwanza ya mwaka 1925 kila mtu alijua ni nani mwenye mizani na ni nani asiyekuwa nayo.

Boi, mzururaji na funguo za stoo

Adhabu ya mtumishi inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa jamii ya kikoloni ilijengwa juu ya mgongo wake. Nyumba ya afisa au mfanyabiashara haikuweza kuendeshwa bila mpishi, boi, dobi na yaya. Watu hao waliingia vyumba vyote, walijua kila kabati, walilea watoto na kupika chakula, na jioni walirudi kwenye makazi duni kwa mshahara ambao haukutosha. Bwana na bibi wa nyumba waliishi na hofu ya sukari inayopungua. Stoo ilifungwa, chai na sukari vikapimwa kwa kijiko, na funguo zikabaki mfukoni mwa mwenye nyumba.

Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilifanya makosa ya kazi, kama vile kuondoka bila ruhusa, kuwa jinai kwa mtumishi. Kwa hiyo mtumishi aliyenyimwa mshahara wake akaondoka alikuwa mhalifu, na mtumishi aliyejilipa kwa kuchukua sukari alikuwa mhalifu zaidi. Mshahara ulioshikiliwa na bwana ulikuwa mgogoro wa mkataba, lakini sukari iliyochukuliwa na boi ilikuwa wizi. Ndivyo tofauti kati ya deni na wizi ilivyopangwa kulingana na mtu aliyesimama upande gani wa mlango wa stoo.

Nje ya nyumba alikuwapo mzururaji. Kanuni ya mwaka 1930 iliruhusu kumwadhibu mtu aliyekutwa karibu na majengo katika saa na mazingira yaliyoonyesha kwamba hayupo hapo kwa nia njema. Mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na wahuni, kama walivyoitwa, wakakusanywa na kurudishwa vijijini kwao. Kosa lao kubwa lilikuwa kwamba walikuwa mjini bila kazi inayotambulika.

Nani ajieleze?

Ninafika sasa kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha suala hili. Mbali ya ukubwa wa adhabu, tofauti kubwa kati ya mwizi wa mlango na mwizi wa mizani ilikuwa katika mzigo wa uthibitisho.

Kanuni ya msingi ya sheria za jinai walizotuletea Waingereza ni kwamba anayeshitaki ndiye anayethibitisha. Lakini kwa mali ndogo ndogo kulikuwa na njia ya mkato, nayo ingali katika vitabu vyetu. Mtu aliyesimamishwa na kukutwa na kitu kinachoweza kushukiwa kuwa ni cha wizi alitakiwa aeleze alikipata wapi. Asipoiridhisha mahakama, amekosa. Hapakuwa na ulazima wa kumpata mwenye mali. Fikiria hali ya kijana aliyevuka ghuba akiwa na baiskeli aliyoinunua kwa mtu katika mnada, bila risiti, katika nchi ambayo risiti ilikuwa karatasi ya watu wachache. Ushahidi dhidi yake ulikuwa baiskeli yenyewe pamoja na umaskini wake.

Sasa mweke kando yake mkulima aliyefikisha pamba kituoni. Anaamini mzigo wake una ratili 100, kwa kuwa ameubeba na mgongo wake unajua. Mnunuzi anasema ni 90. Ili kushinda kesi, mkulima alipaswa kuthibitisha kwamba mizani ni ya uongo, na kwamba mwenye mizani alijua. Angelithibitishaje? Kwa mizani nyingine, ambayo hakuwa nayo. Pamba yenyewe ilikwisha kuchanganywa na pamba za wengine katika lundo moja, na ushahidi ukapotea hapo hapo. Aliyekutwa na blanketi alitakiwa ajieleze. Aliyekutwa na mizani hakuulizwa kitu.

Mizani ya pili

Wakulima wa kanda ya ziwa walilijua hilo, na jibu lao ni moja ya sura za historia yetu zisizosimuliwa vya kutosha. Katika miaka ya 1940 ununuzi na uchambuaji wa pamba ulikuwa karibu wote mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia waliopewa leseni na serikali. Lawama dhidi ya mizani yao zilikuwa kila mahali. Nisieleweke vibaya: tatizo halikuwa asili ya mnunuzi. Tatizo lilikuwa mpango uliompa mtu mmoja bidhaa, mizani, kitabu cha hesabu na leseni kwa pamoja, na kumwacha mwenzake na mgongo mtupu. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, malalamiko ya namna hiyo juu ya pamba yalichangia ghasia za Buganda za mwaka 1949.

Huku Mwanza mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia. Mkulima alipima kwanza kwa mizani ya wenzake, akapata uzito wake, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Namba zikitofautiana, ubishi haukuwa tena kati ya mgongo na mizani, bali kati ya mizani mbili. Katika mazingira hayo kijana Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, alizunguka kuwaunganisha wakulima. Vyama vya msingi vikaota vijiji kwa vijiji, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa kifupi chake VFCU. Katika miaka michache tu likawa linashika ununuzi wa pamba wa kanda nzima na likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru mwaka 1962.

Angalia walichokifanya wakulima hao. Waliibiwa kila msimu, tena hadharani, na walimjua aliyewaibia. Wangeweza kuchoma maghala. Badala yake walinunua mizani ya pili. Hawakudai adhabu kali zaidi kwa mwizi, bali walidai uzito uonekane na wote. Walibadilisha mzigo wa uthibitisho, wakauweka pale ulipostahili kuwa.

Tulichokirithi na tulichokisahau

Uhuru ulikuja, na swali likawa dola mpya itamwita nani mwizi. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Kiwango cha Chini cha Adhabu. Kwa makosa yaliyoorodheshwa, hakimu alilazimika kutoa kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 kabla ya kutoka. Umoja wa Mataifa, uliokuwa ukisimamia nchi hii chini ya udhamini, ulikuwa umewahimiza Waingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 waifute adhabu ya viboko. Sisi tuliirudisha kwa hiari yetu, tena kwa lazima ya sheria.

Haki inataka niseme pia upande wa pili. Orodha ya mwaka 1963 haikuwa ya mwizi wa mlango peke yake. Pamoja na kuvunja nyumba na wizi wa mifugo, ilikuwamo rushwa. Nia ya Mwalimu Nyerere na wenzake ilikuwa kuonyesha kwamba mla rushwa ni mwizi kama wengine, na hilo lilikuwa jambo jipya na jema. Sheria hiyo ilikuwa hata na mlango mdogo wa huruma: mkosaji wa mara ya kwanza, ambaye thamani ya alichochukua haikuzidi shilingi 100, aliweza kupunguziwa kukiwa na sababu maalumu. Lakini nia njema ilipita katika mkondo wa zamani. Kukamata na kuthibitisha kulibaki kwepesi kwa aliyebeba sufuria na kugumu kwa aliyebeba kitabu cha hesabu. Adhabu inapokuwa kali kwa wote na uthibitisho ukawa mwepesi kwa mmoja tu, ukali wote unamwangukia huyo mmoja. Sheria mpya ya mwaka 1972 ilichukua nafasi ya ile ya 1963, lakini mkondo haukubadilika.

Na mizani je? Hapa historia inauma zaidi. Ushirika uliozaliwa kwa ajili ya kuondoa wizi wa mizani ulipata ukiritimba ule ule uliokuwa wa wanunuzi wa zamani: bidhaa, mizani, kitabu cha hesabu na leseni vikawa tena chini ya paa moja. Mpimaji wa pembeni hakuhitajika tena, kwa kuwa ushirika ulikuwa wetu. Muda si mrefu malalamiko yakarudi, safari hii dhidi ya makarani na viongozi waliochaguliwa na wakulima wenyewe. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, nayo ikakuta ubadhirifu na uongozi mbaya. Serikali ikaingilia uendeshaji wa VFCU, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, hadi vilipofufuliwa katika miaka ya 1980. Wanaodhani kwamba ubaya wa mizani ulikuwa katika kabila la mnunuzi wanapaswa kuisoma sura hiyo mara mbili.

Mwano warudi

Dola iliposhindwa kulinda mlango, watu waliurudia mwano. Mwaka 1981 na 1982, baada ya vita vya Kagera, wakati silaha zilikuwa mikononi mwa wengi na maduka yalikuwa matupu, vijiji vya Unyamwezi na Usukuma vilianzisha sungusungu dhidi ya wezi wa mifugo na majambazi waliovamia nyumba. Mahakama na polisi waliwatazama kwa wasiwasi, chama na Mwalimu wakawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa mamlaka rasmi.

Sungusungu walirejesha kitu kimoja cha thamani: aliyeibiwa alikuwa tena katikati, na mali iliweza kurudi. Lakini walirithi pia ubaya wa pande mbili. Kutoka zamani walipokea uzito wa uvumi, ambao uliwaangukia wanawake wazee walioshukiwa uchawi na watu wasio na ndugu wa kuwatetea. Kutoka kwa ukoloni walipokea ile picha ya mwizi kama mtu wa usiku, maskini na mgeni. Sijasikia mwano ukipigwa kwa sababu karani wa pamba amepunguza uzito. Na hasira ya watu mijini, ambayo haina hata kikao cha wazee, imeendelea kuua. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiripoti kila mwaka vifo vya watu waliouawa na umati kwa tuhuma za wizi, na mara nyingi mali yenyewe ni ndogo kiasi cha kutia aibu.

Tufanye nini na urithi huu?

Simtetei mwizi wa nyumbani. Ninajua, kama kila msomaji anavyojua, kwamba anayeumizwa zaidi na wizi mdogo ni maskini mwenzake. Tajiri akiibiwa blanketi ananunua jingine; mjane akiibiwa, watoto wanalala na baridi. Kusema kwamba wizi mdogo ni kilio cha wanyonge dhidi ya wakubwa ni kuwatukana wanyonge wanaoibiwa.

Ninachodai ni kwamba tuwatendee wezi wote kwa kipimo kimoja. Leo lumbesa bado ipo. Mkulima wa viazi au vitunguu anauza gunia lililoongezewa kilemba juu, analipwa kwa gunia moja, na Wakala wa Vipimo wanapomkamata mnunuzi, habari huishia kwenye faini. Huo ni wizi wa nyumbani kwa maana kamili, kwa kuwa kilichochukuliwa ni ada ya shule, dawa, na lile blanketi ambalo halikununuliwa kabisa. Tofauti ni kwamba hakuna mlango uliovunjwa.

Mambo mawili yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza, mtuhumiwa wa kuku afike mahakamani akiwa hai, na akifika huko, umaskini wake usiwe ushahidi. Vifungu vinavyomtaka mtu asiye na risiti ajieleze viangaliwe upya, katika nchi ambayo watu wengi bado wananunua na kuuza bila karatasi. La pili, kila kituo cha kununulia mazao kiwe na mizani ya pili, iliyo mali ya wakulima, inayosimamiwa na mtu asiyelipwa na mnunuzi wala na uongozi wa chama. Mizani ya kidijitali ni maendeleo, lakini mizani moja, hata iwe ya kisasa namna gani, bado ni neno la mtu mmoja.

Malori ya mazao sasa yanapita juu ya daraja la Busisi bila kusubiri kivuko, na mzigo unafika mjini mapema kuliko wakati wowote katika historia ya ghuba ile. Ni jambo la kushukuru. Lakini kabla gunia halijapanda lori, mtu fulani amelipima na mtu mwingine ameikubali namba aliyosomewa. Wakulima wa miaka ya 1950, ambao wengi wao hawakuwa na cheti chochote, walikwisha kutuonyesha namna ya kuikagua namba hiyo.